Aliyesimama Kushoto

Mbinga, 4 Mei 2024

Kaka Mansuetus,

Shikamoo. Pokea na kompyuta hiyo yangu ya pili niliyoifunga kwenye kitenge, na mtu yeyote asiikalie. Huku kahawa imeanza kuiva upande wa bondeni, afya tunayo, ila mimi niko kwenye balaa ambalo sikulitegemea kabisa.

Unaikumbuka ile gemu ninayoitengeneza? Ni ile ambayo mchezaji humwoni, maana wewe mwenyewe ndiye macho yake. Unashuka mlimani kwenye shamba la ngolo, unapita juu ya matuta katikati ya yale mashimo ya kushika maji ya mvua, unachuma kahawa, halafu unafika ziwani na kuendesha boti. Kaka, nilijiona nimemaliza kazi! Jumapili nikawaita watu watatu waijaribu. Scolastika fundi cherehani alicheza kidogo tu, hata chai niliyokuwa nimeibandika haijachemka, akainuka na kutapika ndani ya kikapu changu cha kahawa. Wa pili alishika ukuta akaomba maji. Wa tatu alisema nyumba yangu ina kitu, akaondoka bila kuaga. Nimepigwa na butwaa hadi leo. Mwezi wa tisa natakiwa kuipeleka kwenye maonyesho Songea. Sasa nikawagawie watu ndoo?

Nimesoma na nimeuliza wenzangu. Tatizo ni upana wa kuona. Ukiwa unatembea, macho yako yanakamata mambo mpaka huku karibu na masikio. Kwenye gemu mimi ndiye ninayeamua uone kipande gani. Nikikubana, unakuwa kama unachungulia kwenye bomba, na kila ukigeuka dunia inakurukia usoni, tumbo linakataa. Nikikupanua mno, vitu vya pembeni vinavutika na kukimbia, na tumbo la mwingine linakataa vilevile. Kwa hiyo nimeweka mstari wa kusogeza, kutoka nyuzi sitini hadi mia na kumi, ili kila mtu achague panapomfaa.

Naomba wewe na watu wa Kihagara mnijaribie. Kaeni karibu na kioo, kila mtu acheze kwa upana mdogo na kisha kwa mkubwa, halafu uniandikie ukweli bila kunionea huruma. Mimi siwezi kujipima. Hiyo gemu haijawahi kunisumbua hata siku moja, nadhani nimeshaizoea.

Na simu yako ina nini? Nimepiga mpaka nimechoka.

Mdogo wako mwenye ndoo mkononi,
Tadea


Kihagara, 19 Mei 2024

Mdogo wangu Tadea,

Marahaba. Simu iko ziwani, wapigie samaki. Niliiweka kwenye ubao wa kukalia, hapahapa kando yangu, nikageuka kushika usukani, kiwiko kikaisukuma ndani. Wifi yako Lidia hana simu, kwa hiyo andika, nami nitaandika kama tulivyokuwa tukifanya ulipokuwa bweni.

Sasa hayo maafa uliyotuletea! Mwalimu Aloyce alikuja amevaa shati la kanisani, anataka kutuonyesha kwamba mambo ya kompyuta ni ya wasomi. Alipofika kwenye mashimo yako ya ngolo akaanza kutoka jasho, kisha akakimbilia nyuma ya nyumba, na shati likaharibika. Vitalia wa maandazi akafumba macho akaanza Salamu Maria. Lakini aliyenishtua kuliko wote ni Urbani, msaidizi wangu kwenye boti. Mtu aliyekulia juu ya maji, anayelala usingizi wakati mawimbi yanatupiga, alitoka ndani kwa magoti!

Mimi je? Sikusikia kitu. Nilicheza sitini, nikacheza mia na kumi, nikala ugali, nikarudi tena. Tofauti niliyoiona ni kwamba huku vitu vikubwa na huku vidogo, basi. Kijiji kizima sasa kinaniita nahodha wa nchi kavu. Waandikie hao wenzako kwamba mtu wa ziwa haumwi na kiti.

Boti inaendelea vizuri, siku za soko inajaa. Binti yetu Eunice anajiandaa kwa Kipaimara na anaringa kama harusi ni yake.

Kaka yako mwenye tumbo la chuma,
Mansuetus


Kihagara, 2 Juni 2024

Wifi yangu Tadea,

Barua hii kaka yako haijui. Nimempa mama mmoja anayepanda Mbinga kwa matibabu, nawe ukiisoma ichane.

Wifi, Mansuetus amebadilika, na nashindwa kumwelewa. Amekuwa na kiburi ambacho sijapata kukiona. Watoto wanamwamkia njiani, shikamoo, shikamoo, wameinua na mikono, yeye anapita kama amepita kwenye visiki. Akiwa kwenye boti na mashine inanguruma ndiyo usiseme. Mzee Joakim, rafiki wa marehemu Baba yenu, alimpungia mkono akiwa kwenye mtumbwi wake hadi akachoka. Kesho yake mzee alikuja kuniuliza mimi, mke, kama nyumba yetu ina ugomvi naye. Niliona aibu nikakosa pa kuweka uso.

Na nyumbani je? Juzi nimehangaika na moshi, nimemkaangia usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, kama anavyoupenda, nikaweka bakuli kushoto kwake na ugali mbele yake. Akala matonge mawili matupu, akaniuliza, "Lidia, leo hatuna mboga?" Nilidhani ananitania. Nikamwangalia, hatanii. Nililisukuma bakuli likamgonga mkono, akacheka, akasema nimeliweka kimyakimya. Wifi, bakuli lilikuwa pale tangu alipokaa! Mwanaume asiyetaka kuona chakula cha mkewe ana chakula kingine mahali. Nimeolewa muda wote huu, na sikutegemea ingekuwa mimi.

Wewe anakusikiliza. Mwulize kwa ujanja, usinitaje.

Mimi wifi yako mwenye moyo mzito,
Lidia


Mbinga, 9 Juni 2024

Kaka Mansuetus,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu Mwalimu Aloyce hadi jirani akagonga ukuta. Mpe pole ya shati.

Lakini kaka, upepo umeniletea habari kwamba siku hizi unaringa, watu wanakusalimia na wewe unapita. Ni kweli? Kama kuna jambo linakusumbua, la nyumbani au la moyoni, niambie mimi. Tumenyonya ziwa moja, sitakuhukumu.

Halafu angalia maajabu. Watu wangu wa hapa wanaocheza kwa upana mdogo wameleta lalamiko ambalo sikulitarajia. Wanasema tumbo ni afadhali, kinachowakera zaidi ni kwamba wanapita karibu na watu bila kuwasalimia kwa sababu hawawaoni. Mama mmoja aligundua amempita bibi kizee wa kwenye gemu, akaniuliza kama anaweza kurudi nyuma akaombe radhi!

Basi nimeongeza kitu kwenye sehemu ya boti, nimekiweka kwenye flashi hii iliyomo kwenye bahasha. Unapopita karibu na ufuko, watu wanatokea mmojammoja, mbele, kushoto, kulia, wanainua mkono kukuamkia. Wewe kaza macho kwenye ncha ya boti kama nahodha anavyotakiwa, na kila ukimwona mtu bonyeza kile kitufe kikubwa, umemjibu. Kompyuta inahifadhi yenyewe majibu yako kwenye flashi. Cheza wewe, kisha Eunice, halafu nirudishie hii flashi na utingo wa basi la Mbamba Bay.

Na unijibu lile la kwanza.

Tadea


Kihagara, 26 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Flashi hiyo hapo, na gemu yako ni mbovu. Umeniahidi ufuko umejaa watu, nimekuta ufuko wa msiba. Wanatokea wachache mbele yangu, nawajibu, halafu kimya kirefu, halafu mwingine mbele. Eunice alicheza baada yangu akawa anabonyeza kama anapiga ngoma, nikamgombeza aache kubonyeza ovyo. Akasema, "Baba, si hao hapo?" Watoto wa sasa wana majibu. Irekebishe kabla hujaaibika Songea.

Kuhusu kuringa, nani amekuambia? Mimi namjibu kila anayeniamkia. Asiyejibiwa hajaamkia. Watu wa hapa wakikuona una mashine mpya tayari una kiburi. Nyumbani hakuna jambo, ila Lidia amenuna na hasemi kwa nini.

Lililonisumbua ni jingine. Juzi nimeponea chupuchupu kumuua mtu. Ziwa limetulia, mchana kweupe, natoka Ngumbo na abiria, mara Urbani anapiga yowe na kunipokonya usukani. Mzee Joakim na mtumbwi wake, kushoto, mkono ukinyooshwa unamgusa! Alizuka kutoka majini, Tadea, sijui niseme vipi. Nikamfokea mbele ya abiria, nikamwambia uzee umemfikisha mahali pa kukaa nyumbani. Aliniangalia tu, akachukua kasia lake.

Lakini tusiharibu furaha. Jumapili ya tarehe 21 Julai Askofu anakuja parokiani kwa Kipaimara. Paroko ameniomba mimi niwavushe watoto wote wa kigango chetu kwa boti, Eunice akiwemo. Nimeshaanza kuipaka rangi.

Kaka yako,
Mansuetus


Mbinga, 7 Julai 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Isome barua hii ukiwa umekaa, na uisome peke yako.

Gemu si mbovu. Nilipofungua flashi yako nilidhani ni mbovu kweli, nikaipeleka kwa Scolastika, nikaicheza na majirani, wote wakawaona watu. Eunice amewajibu karibu wote. Wewe umewajibu waliokuwa mbele ya ncha ya boti. Wa kulia umewajibu wachache. Wa kushoto, kaka, hukumjibu hata mmoja. Walikuwepo. Waliinua mikono wakakungoja ukapita. Nimekaa sakafuni nikiangalia hiyo kompyuta.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa macho hapa hospitalini. Nilimweleza simu iliyosukumwa na kiwiko, Mzee Joakim, watoto wanaoamkia. Lidia aliniandikia pia kuhusu bakuli la usipa, na usithubutu kumkasirikia, yeye anadhani una mwanamke. Mtaalamu hakunicheka. Alisema akuone haraka, maana inafanana na presha ya macho. Haiumi na haiwashi. Inakula pembeni kwanza, kidogo kidogo, na mwenyewe hajui kwa sababu katikati bado anasoma hata maandishi madogo. Nikamuuliza kwa nini gemu haikukutapisha. Akafikiri, akasema huenda ni hilohilo, kinachowayumbisha wenzako ni yale yanayokimbia pembeni, na wewe pembeni huna. Mimi nilikuwa nakusifu, kaka! Nilikuwa nawaambia watu hapa kwamba kaka yangu ana tumbo la chuma.

Kisha akaniuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyepofuka. Nikamkumbuka Baba akishikishwa fimbo, na sisi tukiambiwa ni uzee. Alikuwa na umri gani, kaka? Wewe umebakiza kidogo tu uufikie.

Usiwavushe wale watoto. Nakuomba kwa jina la Mama. Kama huniamini mimi, mwambie Lidia akujaribu nje ya nyumba, wewe ukazie macho kitu kimoja mbele. Ningeweza kumpigia Mwalimu Aloyce akupe simu yake, lakini sitaki jambo hili lifike kilabuni kabla halijafika kwako. Jumamosi ya tarehe 20 nakuja mwenyewe. Nikikuta umeshika usukani, nitakaa ndani ya boti na sitashuka.

Tadea


Kihagara, 12 Julai 2024

Tadea,

Nimesoma. Mimi si Baba. Baba alikuwa mzee, na mimi naiona ng'ambo ya ziwa milima ya Malawi, naona na moshi wa watu wanaochoma nyasi kule. Kipofu gani anaona hivyo? Umenitengenezea mdoli wa kwenye kompyuta, mdoli umekudanganya, na wewe umekwenda kunitangaza kwa madaktari. Unajua watu wakisikia nahodha haoni, nani atapanda boti yangu? Nitakula nini, na Eunice atasoma kwa nini?

Nimekasirika sana. Watoto nitawavusha kama nilivyoahidi, na usije.

Mansuetus


Kihagara, 13 Julai 2024

Mdogo wangu Tadea,

Ile barua ya jana utingo ameshaondoka nayo. Ukiipata, itie motoni kabla hujaisoma. Kama umeshaisoma, nisamehe.

Leo asubuhi nilimwita Lidia ili nikushinde. Nilikaa kwenye kigoda ufukweni, nikakazia macho ncha ya boti iliyovutwa mchangani, rangi yake mpya ya bluu. Nikamwambia, nenda mbali nyuma yangu, kisha uje upande wa kushoto taratibu, unapofika usawa wangu usimame unipungie mkono. Nikikuona nitasema. Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia barua ya kukucheka.

Nikangoja. Naona ncha ya boti, naona mlima, naona kunguru. Nikangoja hadi nikachoka. Nikajua amekutana na mtu njiani wakaanza mazungumzo, unamjua Lidia. Nikapaza sauti: "Lidia, mbona huji?"

Sauti ikajibu hapa begani. "Nipo, Baba Eunice. Nipo hapa tangu zamani."

Niligeuza shingo. Tadea, alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba kanga yake ilikuwa inagusa kigoda. Mkono bado uko juu, anapunga, na machozi yanamtoka. Mke wangu mzima, mwili wote na kanga ya njano, na mimi sikuwa na habari naye! Sikuona giza wala ukungu. Niliona ufuko mtupu, mzuri, na hakuna mtu.

Nilianguka kwenye mchanga. Lidia alikuwa ananiomba radhi, eti kwa kunifikiria vibaya. Nilikuwa nawaza kile kiboti kimejaa watoto wenye nguo nyeupe. Nilikuwa nawaza Eunice angekaa upande upi.

Nimempa Urbani usukani. Nimemwambia sababu, ili asidhani ni zawadi. Njoo Jumamosi.

Kaka yako,
Mansuetus


Kihagara, 18 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba za mbele, kabla hujaniamkia. Asante kwa kunishika mkono siku zile za hospitali, na kwa kunisomea yale makaratasi ya daktari wakati mimi natazama ukuta. Kilichokwenda hakirudi, nimekubali kwa mdomo, moyo bado unafuata. Dawa ya matone naweka kila siku, Lidia ananisimamia kama mlinzi wa benki. Hanuni tena. Bakuli la usipa sasa linakaa katikati ya meza, na kila mara anasema, "Hili hapa, usije ukasema sina mboga."

Nilikwenda kwa Mzee Joakim peke yangu. Nilimweleza yote. Akasema Baba yetu naye, miaka ya mwisho, alikuwa hamjibu, na walikosana kwa ajili hiyo, na Baba alikufa hawajapatana. Mzee akalia mbele yangu. Sijawahi kumwona mzee yule akilia. Alidhani ukoo wetu wote una kiburi.

Watoto wa hapa wameambiwa na Eunice. Sasa wakitaka kuniamkia wanakimbia, wananizunguka, wanasimama mbele yangu, ndipo wanasema shikamoo. Wengine wanakuja mara tatu kwa asubuhi moja kwa kuufurahia huo mchezo. Siku ya Kipaimara, wewe ulishuhudia, nilikaa mbele kabisa ya boti, Urbani akiwa usukani, nikiwatazama wao badala ya ziwa. Niliwaona wote kwa kugeuza shingo.

Sasa sikiliza, ndiyo sababu ya barua. Jana nilikuwa nazisoma barua zako zote, taratibu, kwa kuwa sasa nina nafasi. Ile ya kwanza kabisa umeandika: "Hiyo gemu haijawahi kunisumbua hata siku moja." Umesema ni mazoea. Na mimi nilisema ni tumbo la chuma. Hospitalini daktari alisema ndugu wote wa damu wapimwe, na wewe ukamjibu kwamba uko sawa, una kazi ya maonyesho. Tadea, wewe umewahi kuucheza huo ufuko wa watu wanaoamkia?

Nijibu haraka.

Mansuetus


Mbinga, 2 Septemba 2024

Kaka yangu,

Shikamoo.

Sikuwahi kuucheza kwa kujipima. Ningejipimaje? Watu wale niliwaweka mimi, najua kila mmoja anatokea wapi na lini, kidole changu kinabonyeza kabla macho hayajafika. Nilipopata barua yako nilimwomba Scolastika akae kwenye kiti changu na kuwahamisha wote bila kunionyesha. Nikacheza. Nilijua kabla hajaniambia, alipoanza kuwahesabu upya wale wa kushoto.

Nimepimwa jana. Ni presha ya macho, ileile ya Baba na yako. Jicho la kushoto limeanza, la kulia bado. Daktari amesema imewahiwa, na nikiweka matone bila kukosa ninaweza kuzeeka nikiona. Aliniuliza nani alinishauri kuja mapema hivyo, maana watu huja wameshachelewa. Nikamwambia ni nahodha mmoja wa Kihagara.

Songea nitakwenda, gemu iko tayari, na ufuko wa kuamkiana nimeuweka mwanzoni kabisa ili kila mtu aupitie. Nalia tangu jana na sioni aibu kukuambia.

Eunice akija huku likizo, mwambie asinisahau. Anisalimie kwa mbele.

Mdogo wako,
Tadea